Ujumbe na Tiketi: Kuunganisha Mazungumzo ya Kundi na Rejesta ya Masuala

UTANGULIZI

Mwanachuo anapokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, jambo mojawapo analofanyiwa mapema siku hizi ni kuingizwa katika kundi la WhatsApp la walimu wa shule ile. Humo hupitishwa ratiba za zamu, matangazo ya vikao, pole za msiba na michango ya chai. Humo pia hupitishwa habari nzito za kazi: dawati lililovunjika, vitabu vilivyopungua, mtoto aliyekoma kuja shule. Habari hizi zote huja kwa sura moja, hii chini ya ile, wala iliyo nzito haina alama ya kuitenga na iliyo nyepesi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia ya kuzuia habari nzito isipotee. Njia yenyewe haikubuniwa na walimu. Imetokana na kazi ya waundaji wa programu za kompyuta, ambao kwa miaka mingi wamekuwa na desturi ya kuunganisha ujumbe wa mazungumzo yao na hati ya tatizo wanayoiita tiketi. Tutaeleza kwanza desturi hiyo na sababu zake. Kisha tutaonyesha jinsi inavyoweza kufuatwa katika shule ya msingi yenye simu chache na daftari moja. Mwisho tutatoa zoezi la kufundishia darasani.

TOFAUTI KATI YA UJUMBE NA TIKETI

Ujumbe ni maneno ambayo mtu huwaambia wenzake kwa wakati fulani. Sifa yake kubwa ni wepesi: mwalimu akiwa mlangoni mwa darasa huandika mstari mmoja, na wenzake wote wakaupata. Lakini ujumbe ukishatumwa hauna mwenyewe. Haumtaji mtu atakayelishughulikia jambo lililosemwa, hauonyeshi kama jambo hilo limekwisha au bado, na kila ujumbe mpya huusukuma mbali zaidi na macho ya wasomaji.

Tiketi, kwa maana tunayoitumia hapa, ni hati ya jambo moja linalotakiwa kufanyiwa kazi. Haihusiani na tiketi ya basi. Ndani yake mna mambo matano: namba yake, maelezo mafupi ya jambo, jina la mtu aliyekabidhiwa, hali ya jambo, na orodha ya hatua zilizochukuliwa pamoja na tarehe zake. Tiketi haisukumwi na tiketi nyingine. Hubaki wazi, siku moja au miezi sita, mpaka mtu aifunge kwa sababu inayoeleweka.

Huenda mwanachuo akauliza: ikiwa tiketi ni bora hivyo, kwa nini watu wasiandike matatizo yao moja kwa moja katika rejesta, na kundi likabaki la salamu tu? Jibu ni kwamba matatizo mengi hugunduliwa watu wakiwa katika maongezi. Mmoja husema jambo kwa kubahatisha, wa pili akaongeza alichokiona, wa tatu ndiye akatambua kwamba kuna tatizo. Tukimtaka kila mtu aache maongezi aende kutafuta fomu, wengi watanyamaza. Kwa hiyo tunayahitaji yote mawili, mazungumzo na rejesta, na hatuna budi kuyaunganisha.

Tuchukue mfano ambao tutaufuata hadi mwisho wa makala haya. Saa moja na robo asubuhi mwalimu wa zamu anaandika katika kundi: "Kuna mtoto wa Darasa la Pili, mkondo B, kila mara anasogea hadi ubaoni ndipo asome. Nadhani ni macho." Walimu wawili wanajibu kwamba nao wameliona jambo hilo. Dakika tano baadaye linakuja tangazo la mtihani wa majaribio, na majibu arobaini yanafuata. Jioni ujumbe ule haupo tena mbele ya macho ya mtu yeyote. Hakuna aliyeudharau. Kila mwalimu aliyeusoma aliamini kwamba mwalimu mwingine amelichukua jambo lile. Mtoto anaendelea kukaa dawati la nyuma, na mwisho wa muhula anaandikiwa kwamba hajui kusoma.

WAUNDAJI WA PROGRAMU WALIVYOFANYA

Waundaji wa programu walianza mapema kufanya kazi kwa mazungumzo ya maandishi. Mwaka 1988 Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, alibuni mfumo wa mazungumzo uitwao IRC, ambamo watu walio mbalimbali waliandikiana papo kwa papo. Kwa upande wa rejesta, mwaka 1998 mradi wa Mozilla nchini Marekani ulitoa programu iitwayo Bugzilla ya kuandikishia kasoro, na mwaka 2002 kampuni ya Atlassian ya Australia ikatoa Jira. Slack, mfumo wa mazungumzo ya kazini unaotumiwa sana leo, ulitangazwa mwaka 2013.

Katika mifumo hii kila kitu kinachotakiwa kuunganishwa lazima kwanza kiwe na utambulisho wake. Tiketi ya Jira hutambuliwa kwa herufi za mradi, kistari na namba, kwa mfano ABC-123. Ujumbe wa Slack nao una anwani yake. Anwani hiyo hutaja chumba cha mazungumzo na wakati ujumbe ulipotumwa, wakati wenyewe ukihesabiwa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 pamoja na sehemu ndogo kabisa za sekunde. Hivyo hata watu wawili wakiandika karibu kwa pamoja, kila ujumbe una anwani ya peke yake.

Kiungo chenyewe hufungwa pande mbili. Mtu akiona katika mazungumzo ujumbe unaostahili kufanyiwa kazi, huuchagua na kuamuru tiketi ifunguliwe. Programu huyachukua maneno ya ujumbe na kuyatia ndani ya tiketi, pamoja na anwani ya ujumbe wenyewe. Huo ni upande wa kwanza: msomaji wa tiketi aweza kurudi kwenye mazungumzo akaona jambo lilivyoanza. Kisha programu hujibu chini ya ujumbe uleule ikitaja namba ya tiketi. Huo ni upande wa pili: aliyesema, na wote waliosikia, wanajua kwamba neno lao limepokewa na wanajua pa kulifuatia. Baadaye mtu yeyote akitaja namba hiyo katika mazungumzo, programu huitambua na kuonyesha jina la tiketi na hali yake.

Utambuzi huo una mtego wake. Programu hutafuta herufi zinazofuatwa na kistari na tarakimu, lakini maneno kama COVID-19 nayo yana umbo hilohilo. Kwa hiyo programu iliyotengenezwa vizuri huhakikisha kwanza kwamba herufi zile ni za mradi unaojulikana. Mtego wa pili ni kelele. Ikiwa kila badiliko dogo la tiketi linatangazwa katika mazungumzo, watu huacha kusoma matangazo yote, hata yale muhimu. Wenye busara hutangaza mambo matatu tu: tiketi imefunguliwa, imekabidhiwa kwa fulani, imefungwa.

Kuna jambo jingine la kujifunza kutoka kwao. Mazungumzo hayadumu kama rejesta inavyodumu. Tangu Septemba 2022 kundi lisilolipia Slack huweza kuona ujumbe wa siku 90 zilizopita tu. Mozilla nao waliifunga huduma yao ya IRC mwezi Machi 2020 na kuhamia mfumo mwingine, lakini Bugzilla yao, yenye zaidi ya tiketi milioni moja, ingali inasomwa kwa namba zilezile. Kwa sababu hiyo kiungo peke yake hakitoshi. Kiini cha ujumbe lazima kinakiliwe ndani ya tiketi, ili mazungumzo yakifutika, au msomaji akiwa si mwanachama wa chumba kile, jambo libaki likieleweka.

NAMBA YA KUMBUKUMBU SI NGENI KWETU

Mwanachuo asidhani kwamba tunamfundisha jambo la kigeni kabisa. Barua yoyote ya ofisi ya serikali nchini Tanzania huwa na maneno "Kumb. Na." juu yake. Namba hiyo huonyesha jalada ambamo barua imehifadhiwa katika masjala. Anayejibu barua huanza kwa kutaja namba na tarehe ya barua anayoijibu. Hivyo barua mbili zilizoandikwa katika miji miwili hushikamana, hata kama waandishi wake wamekwisha kuhamishwa vituo.

Sisi wakufunzi tunapofundisha uandishi wa barua rasmi, mara nyingi huieleza "Kumb. Na." kama pambo la lazima, mahali fulani pa kujazwa ili kupata alama. Tungeieleza kazi yake, mwanachuo angeona kwamba tiketi ya waundaji wa programu na jalada la masjala ni ndugu. Tofauti ni kwamba masjala huunganisha barua na barua, hali sisi tunataka kuunganisha maongezi ya haraka na kazi ya polepole.

NJIA YA KUFUATA KATIKA SHULE YA MSINGI

Shule haihitaji Jira wala Slack. Inahitaji kundi la WhatsApp ambalo tayari lipo, daftari kubwa moja la kuwa rejesta, na mwalimu mmoja wa kulitunza kwa zamu. Daftari lipigiwe mistari ya safu saba: namba, tarehe, jambo lenyewe, chanzo, mhusika, hatua zilizochukuliwa, na hali. Kisha zifuatwe hatua hizi:

(a) Kuchagua. Mtunza rejesta husoma ujumbe wa siku nzima kabla ya kuondoka shuleni, na kwa kila ujumbe hujiuliza: je, kuna mtu anayepaswa kufanya jambo kwa sababu ya maneno haya? Pole ya msiba na tangazo la kikao haziandikishwi. Macho ya mtoto yanaandikishwa.

(b) Kutoa namba. Namba ianze na herufi chache za shule na iwe na tarakimu tatu, kwa mfano SHL014. Iandikwe daima kwa namna hiyohiyo, bila nafasi katikati. Sababu ni kwamba tutaitafuta kwa simu: mtu akiandika SHL014 mahali pa kutafutia, ujumbe wote wenye namba hiyo utaletwa mbele yake. Tungetumia 14 peke yake, tungeletewa pia viti 14 na tarehe 14. Tungetumia SHL1 na SHL14 pasipo sifuri, anayetafuta ya kwanza angeletewa na ya pili. Namba iliyokwisha kutumika isitumike tena, hata jambo lake likifutwa.

(c) Kunakili chanzo. WhatsApp haimpi kila ujumbe anwani ya kunakiliwa kama Slack ifanyavyo. Basi katika safu ya chanzo tuandike jina la mwalimu aliyetuma, tarehe, saa, na maneno yake yenyewe. Ikiwa ujumbe ni wa sauti, kiini chake kiandikwe kwa sentensi moja. Tukumbuke kwamba mtumaji aweza kuufuta ujumbe wake, na kwamba kundi laweza kupangwa ili ujumbe utoweke wenyewe baada ya muda.

(d) Kurudisha namba. Mtunza rejesta huugusa ujumbe ule wa asubuhi, huchagua kuujibu, na kuandika: "SHL014. Mhusika: mwalimu wa darasa, II B. Taarifa Ijumaa." Kwa kuwa jibu hubeba ndani yake sehemu ya ujumbe unaojibiwa, yeyote atakayeligusa atapelekwa kwenye ujumbe wa kwanza. Hiki ndicho kiungo chetu. Hatua hii ndiyo husahaulika kuliko zote, nayo hasara yake ni kubwa. Mwalimu anayetoa taarifa mara tatu asipate dalili kwamba imepokewa, mara ya nne hataitoa.

(e) Kutumia namba. Tangu hapo kila neno linalohusu jambo lile litanguliwe na namba yake. Mwalimu wa darasa akimhamisha mtoto dawati la mbele siku ileile, huandika: "SHL014: amehamishiwa mbele, mzazi ameitwa Alhamisi." Mtunza rejesta hunakili hatua hiyo daftarini.

(f) Kufunga. Katika Bugzilla kuna hali mbili zinazofuatana: ya kwanza husema kwamba mhusika amemaliza kazi, ya pili husema kwamba mtu mwingine amehakikisha. Tofauti hii inatufaa sana. Mzazi kupewa barua ya kwenda hospitali ni kazi ya mhusika kukamilika, lakini mtoto bado hajasaidiwa. SHL014 haifungwi mpaka mwalimu mwingine, na hasa yule aliyetoa taarifa, ahakikishe kwamba mtoto anasoma ubao kutoka mahali alipoketi. Hapo ndipo neno "limefungwa" huandikwa katika rejesta na katika kundi pia.

Yapo mambo ambayo hayatafanikiwa. Paa la darasa laweza kuhitaji fedha ambazo shule haina. Bugzilla ina namna ya kufunga tiketi kwa kusema wazi kwamba haitafanyiwa kazi, au kwamba ni marudio ya tiketi nyingine. Nasi tufanye hivyo, tukitaja sababu na ngazi ambayo jambo limepelekwa. Jibu la "haiwezekani kwa sasa" lina heshima kuliko kimya.

TAHADHARI

Kwanza, rejesta isigeuzwe kuwa fimbo. Mwalimu mkuu akiitumia kuhesabu makosa ya walimu, walimu wataacha kuandika, na daftari litajaa mambo ya madawati pekee. Safu ya mhusika humtaja anayeshughulikia, haimtaji aliyekosea.

Pili, siri za watoto zilindwe. Nchini Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria adabu ya kazi yetu inatosha kutuongoza. Ugonjwa wa mtoto, shida za nyumbani kwao au umaskini wa wazazi wake visitajwe kwa jina katika kundi lenye watu wengi. Hapa namba hutusaidia kwa njia nyingine: walimu wanaweza kuendelea kuzungumza juu ya SHL014 bila kumtaja mtoto, na jina lake likabaki katika daftari lililofungiwa ofisini. Jambo zito la malezi lipelekwe kwa mwalimu wa malezi ana kwa ana, na katika kundi pasiandikwe chochote.

Tatu, tuepuke kufungua tiketi mbili kwa jambo moja. Kabla ya kutoa namba mpya, mtunza rejesta atazame kurasa za nyuma. Ujumbe uliokwisha kujibiwa kwa namba huwa na alama yake tayari. Usio na jibu la namba ndio unaotazamwa.

Nne, jambo lisilo na mhusika lisiandikwe. "Walimu wote" si mhusika. Ikiwa hapajulikani nani atashughulikia, mhusika wa muda ni mwalimu wa zamu mpaka atakapomkabidhi mwingine.

ZOEZI LA DARASANI

Mwanachuo aweza kulifundisha wazo hili katika Darasa la Tano au la Sita bila simu wala umeme.

Lengo: Mwanafunzi aweze kutofautisha maneno yanayopita na jambo linalotakiwa kufuatiliwa, na aweze kuviunganisha viwili hivyo kwa namba.

Vifaa: Kamba, vibanio au miiba, vipande vya karatasi, daftari moja.

Hatua: Kamba ifungwe ukutani. Kwa siku tatu kila mwanafunzi aandike katika kipande cha karatasi jambo lolote kuhusu darasa lao na kulining'iniza, akitia tarehe. Siku ya nne mwalimu aulize: "Ni karatasi gani inamtaka mtu afanye kazi?" Wanafunzi wajadiliane, wazichague, wazipe namba na kuziandika katika daftari pamoja na jina la anayeshughulikia. Namba iandikwe pia juu ya kila karatasi iliyochaguliwa, nayo irudishwe kambani. Baada ya juma moja darasa lisome daftari kwa sauti, jambo moja baada ya jingine.

Tathmini: Mwalimu achukue karatasi moja yenye namba na kumtaka mwanafunzi aeleze jambo lake lilipofikia, kisha asome mstari mmoja wa daftari na kumtaka mwingine aitafute karatasi yake. Wakiweza kwenda pande zote mbili, wamelielewa somo. Kwa kawaida majadiliano ya siku ya nne huwa marefu, maana watoto hawakubaliani upesi kipi ni malalamiko tu na kipi ni kazi. Mwalimu asiyakatize, kwa kuwa humo ndimo lengo la somo linapofikiwa.

HITIMISHO

Tumeona kwamba mazungumzo ni mepesi lakini hupita, na kwamba rejesta ni nzito lakini hudumu. Namba inayoonekana pande zote mbili hutuwezesha kupata faida ya kila moja. Waundaji wa programu wamepata mitambo ya kuwafanyia kazi hiyo. Katika shule ya msingi kalamu na uangalifu vinatosha. Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha asianze kwa kuwalaumu wenyeji kwamba mambo hupotea katika kundi lao. Aombe ruhusa ya mwalimu mkuu, apige mistari saba katika daftari, na alitunze kwa muda wote atakaokuwapo. Siku ya kuondoka alikabidhi kwa mwalimu wa zamu, pamoja na orodha ya mambo ambayo bado yako wazi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chukua ujumbe wa siku moja wa kundi lolote la kazi ulimo. Ni mangapi yanayostahili namba? Toa sababu.

2. Kwa nini haifai kuandika katika rejesta kwamba mhusika ni "kamati ya taaluma" bila kutaja mtu?

3. Eleza tofauti kati ya kazi ya mhusika kukamilika na jambo kuthibitishwa, kwa kutumia mfano wa mtoto mtoro.

4. Mwalimu mwenzako anadai kwamba kurudisha namba katika kundi ni kupoteza muda, maana daftari tayari limeandikwa. Utamjibu nini?